SAHARA MAGHARIBI: SHERIA NI MOJA AU NI MBILI?



Leo naomba tuzungumze kuhusu watu ambao pengine huwajui, na nchi ambayo pengine hujawahi kuitafuta kwenye ramani. Usiondoke. Ukifika mwisho utaona kwamba jambo lenyewe liko hapa hapa Nairobi, tena limo ndani ya Katiba yako.

Tuanze na tukio ambalo wengi wetu tulilicheka halafu tukalisahau. Tarehe 13 Septemba 2022 Rais William Ruto aliapishwa pale Kasarani. Miongoni mwa wageni waliohudhuria alikuwa Brahim Ghali, rais wa Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara, ambayo ni mwanachama kamili wa Umoja wa Afrika. Kesho yake Rais akampokea waziri wa mambo ya nje wa Moroko aliyeleta ujumbe wa Mfalme Mohammed VI. Baada ya hapo, kwenye Twitter ya Rais kukatokea tangazo kwamba Kenya imeacha kuitambua Sahara. Mgeni aliyekuwa jukwaani jana, leo anaambiwa nchi yake haipo! Saa chache baadaye tangazo likafutwa. Tarehe 16 Septemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa barua ikisema msimamo wa Kenya ni ule ule, na kwamba sera ya nje ya Kenya haiendeshwi kwa Twitter.

Tulicheka. Lakini tarehe 26 Mei 2025 haikuwa tena Twitter. Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alikuwa Rabat akifungua ubalozi wetu, na taarifa ya pamoja ya nchi mbili ikasema kwamba mpango wa Moroko wa kuipa Sahara utawala wa ndani, chini ya bendera ya Moroko, ndiyo njia pekee ya kuaminika na inayowezekana. Hiyo sasa ni kauli ya dola. Imeandikwa kwa jina lako na langu. Nani alituuliza?

Sasa hebu tuelewe ugomvi wenyewe ni wa nini.

Sahara Magharibi ni nchi ya jangwa iliyo kando ya bahari ya Atlantiki. Kaskazini kuna Moroko, kusini na mashariki Moritania, na pembeni kidogo Aljeria. Uhispania iliichukua kuanzia mwaka 1884, wakati ule ule Wazungu walipokaa Berlin kugawana bara letu kama mikate. Moroko ilipata uhuru wake mwaka 1956. Sahara ikabaki mikononi mwa Uhispania. Mwaka 1963 Umoja wa Mataifa ukaiweka kwenye orodha ya maeneo ambayo bado hayajajitawala, na hadi leo ninapoandika maneno haya iko kwenye orodha hiyo.

Kwa nini orodha hiyo ni muhimu? Kwa sababu tarehe 14 Desemba 1960 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1514. Azimio hilo lilisema, kwa ufupi, kwamba kila watu walio chini ya ukoloni wana haki ya kujiamulia hatima yao wenyewe. Kwa msingi huo huo Kenya ilipandisha bendera yake Desemba 1963. Haki tuliyoitumia sisi ndiyo wanayoidai Wasaharawi.

Mwaka 1974 Uhispania ikaanza kujiandaa kuondoka, ikahesabu watu, ikapata Wasaharawi 73,497. Kura ya maoni ilikuwa ipigwe. Mfalme Hassan II wa Moroko akasema hapana, hiyo ni ardhi yetu tangu kale, makabila ya huko yalikuwa yakimpa sultani bay'a. Moritania nayo ikasema kuna sehemu ni yake. Jambo likapelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, ili itoe ushauri wa kisheria.

Tarehe 16 Oktoba 1975 Mahakama ikajibu. Na hapa nataka usome polepole, maana pande zote mbili hupenda kunukuu nusu ya jibu. Mahakama ilisema kwanza kwamba Uhispania ilipofika, ile haikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Walikuwapo watu, tena wenye mpangilio na viongozi wao. Pili, ilikubali kwamba baadhi ya makabila yalikuwa na uhusiano wa utiifu na sultani wa Moroko, na kwamba Moritania nayo ilikuwa na uhusiano wake wa aina fulani. Tatu, na hiki ndicho kiini, ilisema kwamba uhusiano huo haukuwa umiliki wa ardhi, wala hauwezi kuzuia haki ya watu wa Sahara kujiamulia kwa hiari yao.

Nikupe mfano wa kwetu. Tuseme una kiwanja ulichorithi kwa babu yako. Anakuja jirani anasema, "Babu yako alikuwa akija kwa babu yangu kuamuliwa kesi, alikuwa akimheshimu, kwa hivyo kiwanja ni changu." Kadhi gani, au hakimu gani, atampa kiwanja kwa hoja hiyo? Heshima ilikuwepo, ndiyo, hakuna anayekataa. Lakini heshima si hati ya ardhi.

Moroko ikafanya nini? Siku hiyo hiyo Mfalme Hassan akatangaza maandamano makubwa. Tarehe 6 Novemba 1975 watu 350,000 wa Moroko, wasio na silaha, wakaanza kuvuka mpaka kuingia Sahara. Wao wanayaita Maandamano ya Kijani. Tarehe 14 Novemba, wakati kiongozi wao Jenerali Franco akiwa kitandani karibu ya kufa, Uhispania ikatia saini mkataba kule Madrid kuziachia Moroko na Moritania utawala. Wasaharawi wenyewe hawakuwemo chumbani. Uhispania ikaondoka Februari 1976, na tarehe 27 ya mwezi huo chama cha Polisario, kilichoundwa 1973 kupigania uhuru, kikatangaza jamhuri. Vita vikaendelea miaka kumi na sita. Moritania ikachoka, ikajitoa mwaka 1979, na Moroko ikachukua hata ile sehemu ya Moritania.

Mwaka 2002 mshauri mkuu wa sheria wa Umoja wa Mataifa, Hans Corell, akilijibu Baraza la Usalama, aliugusia mkataba ule wa Madrid. Jibu lake lilikuwa wazi: mkataba haukuhamisha umiliki wa nchi, wala hadhi ya usimamizi, ambayo Uhispania peke yake haikuwa na uwezo wa kuihamisha. Huwezi kuuza kisicho chako. Hata mtoto wa chuoni anajua hilo.

Sasa ingia Nairobi. Juni 1981 mkutano wa wakuu wa nchi za OAU ulifanyika hapa, mwenyekiti akiwa Rais Daniel arap Moi. Mfalme Hassan II alikuja mwenyewe, na katika jiji letu hili akakubali mbele ya Afrika nzima kwamba kura ya maoni ipigwe. Ikaundwa kamati ya kusimamia utekelezaji, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kwa hivyo ahadi hii ilitolewa nyumbani kwetu. Sisi ni mashahidi wake.

Kura haikupigwa. Mwaka 1982 jamhuri ya Sahara ikaingizwa OAU, na mwaka 1984 Moroko ikajitoa kwa hasira. Vita vilisitishwa tarehe 6 Septemba 1991 chini ya Umoja wa Mataifa, ambao uliunda ujumbe maalum wa kuandaa kura, unaojulikana kama MINURSO. Kura ilikuwa ifanyike Januari 1992. Ugomvi ukawa, nani apige? Polisario wakasema waliohesabiwa 1974 na vizazi vyao. Moroko ikaleta majina maelfu kwa maelfu ya watu iliosema nao ni wa asili ya huko. Umoja wa Mataifa ulichuja, mwanzoni mwa mwaka 2000 ukatoa orodha ya wapiga kura zaidi ya 86,000. Zikaja rufaa zaidi ya 130,000. Kazi ikakwama.

Mwaka 2003 James Baker, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alileta mpango wa kati: utawala wa ndani kwa miaka michache, halafu kura ambayo hata Wamoroko waliohamia kule wangepiga. Polisario wakakubali, ingawa kwa shingo upande. Moroko ikakataa. Baker akajiuzulu 2004. Mwaka 2007 Moroko ikaleta mpango wake: bunge la ndani, serikali ya ndani, mahakama za ndani, lakini bendera, jeshi na mambo ya nje ni ya mfalme. Watu wa Sahara wataulizwa kuhusu mpango huo tu. Uhuru haumo kwenye karatasi ya kura.

Tuwe waadilifu, tusimsikilize mtu mmoja tu. Moroko ina hoja zake. Inasema imejenga miji, barabara na bandari kule. Inasema Aljeria inawatumia Polisario kwa maslahi yake. Inasema miaka hamsini ya kungoja kura isiyokuja imewaumiza watu, bora suluhisho linalowezekana kuliko haki ya kwenye makaratasi. Na ni kweli kwamba wapo Wasaharawi wanaokubali kuishi chini ya Moroko, na kwamba uongozi wa Polisario kule kambini una malalamiko dhidi yake. Hayo yote yanaweza kuwa kweli. Lakini jiulize: kama Moroko ina hakika watu wa kule wanaitaka, mbona inaogopa kuwauliza?

Na watu wenyewe wako wapi? Kuna ukuta wa mchanga wenye urefu wa kilomita kama 2,700, umezungukwa na mabomu ya kutegwa ardhini, unakata nchi vipande viwili. Upande wa magharibi, wenye miji, samaki na machimbo ya fosfeti ya Bou Craa, uko chini ya Moroko. Ng'ambo ya pili, karibu na Tindouf huko Aljeria, kuna kambi za wakimbizi. Umoja wa Mataifa mwaka 2018 ulikadiria wakimbizi 173,600. Mtoto aliyebebwa mgongoni 1975 leo ni bibi mwenye wajukuu, na wajukuu hao wamezaliwa kambini. Mwaka 2004 Umoja wa Mataifa ulipoanza kuwapandisha ndege kwenda kutembeleana kwa siku chache, kuna ndugu walikutana baada ya miaka karibu thelathini. Sisi tunaojua Dadaab na Kakuma, tunahitaji kuelezwa maisha ya kambi ni nini?

Mahakama hazikunyamaza. Tarehe 22 Septemba 2022, siku chache tu baada ya lile tangazo la Twitter, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilitoa hukumu. Kesi ilikuwa dhidi ya nchi nane, Tanzania ikiwemo, zikilaumiwa kwa kukubali Moroko irudi Umoja wa Afrika mwaka 2017. Mahakama ilizitoa nchi hizo hatiani. Lakini ilisema wazi kwamba Moroko kuendelea kuikalia Sahara kunapingana na haki ya watu kujiamulia, na kwamba nchi za Afrika zina wajibu wa kuwasaidia watu hao waipate haki yao. Tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ikasema mikataba ya uvuvi na kilimo kati ya Ulaya na Moroko haiwezi kuigusa Sahara bila ridhaa ya watu wa Sahara.

Kwa upande mwingine wakubwa wa dunia wanakwenda njia yao. Novemba 2020 usitishaji vita ulivunjika. Tarehe 10 Desemba 2020 Donald Trump alitangaza kwamba Marekani inaitambua Sahara kuwa ya Moroko, papo hapo Moroko ikirudisha uhusiano na Israeli. Uhispania, mkoloni wa zamani, ikauunga mkono mpango wa Moroko mwaka 2022. Ufaransa ikafuata Julai 2024, Uingereza Juni 2025. Na tarehe 31 Oktoba 2025 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2797 kwa kura 11, likitaka mazungumzo yachukue mpango wa Moroko kuwa msingi. Urusi, China na Pakistan hazikupiga upande wowote, na Aljeria haikushiriki kura. Hata hivyo azimio hilo halikuifuta haki ya kujiamulia. Neno bado limo. Limesukumwa pembeni tu, kama mgeni maskini kwenye harusi ya tajiri.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo penye uchungu.

Februari 2022, Urusi ilipotambua majimbo mawili ya Ukraine, balozi wetu Martin Kimani alisimama Baraza la Usalama akasema maneno ambayo dunia nzima iliyasifu. Alisema Afrika ilirithi mipaka ya wakoloni, na badala ya kutazama nyuma kutafuta ukubwa wa falme za zamani, tulikubali mipaka hiyo tukachagua kufuata sheria. Sote tulijivunia. Basi niambie, dai la Moroko ni nini kama si kutazama nyuma kwenye ufalme wa zamani?

Tarehe 26 Machi 2025 Kenya ikaitambua Kosovo kuwa nchi huru, ijapokuwa Serbia inasema ni ardhi yake. Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 26 Mei, Kenya hiyo hiyo ikaambia dunia kwamba Wasaharawi watosheke na utawala wa ndani. Kumbuka tuliitambua Sahara mwaka 2005, tukasitisha 2006, ubalozi wao ukafunguliwa Nairobi 2014, tukaikana na kuirudia ndani ya siku tatu 2022. Hii ni sera ya nje au ni bendera inayofuata upepo?

Najua kuna atakayeuliza: "Tukiunga mkono hawa, si tutafungua mlango kwa kila anayetaka kujitenga? Na Kenya je?" Swali zuri, lisikimbiwe. Sisi Waislamu wa nchi hii tunaijua historia. Mwaka 1962 watu wa NFD waliulizwa na tume ya Waingereza, wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia, jibu lao likawekwa kando, na damu ikamwagika miaka iliyofuata. Tunajua mtu anavyojisikia akiulizwa halafu asisikilizwe. Lakini kisheria kesi hizi hazifanani. Julai 1964 kule Cairo, wakuu wa OAU walikubaliana kwamba mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru iheshimiwe. Nchi mbili zilizokataa zilikuwa Somalia na Moroko. Azimio hilo ndilo ngao ya mipaka ya Kenya hadi leo, kuanzia Mandera hadi Vanga. Na kwa mipaka hiyo hiyo, Moroko ilipopata uhuru 1956 haikuwa na Sahara ndani yake. Wasaharawi hawaombi kujitenga na nchi iliyokuwa yao. Wanaomba ukoloni wao umalizike kama ulivyomalizika wetu. Kwa hivyo Kenya ikikubali hoja ya ufalme wa kale, inatoboa ngao yake yenyewe.

Na atakuja mwingine aseme, "Hawa wote ni Waislamu, tuwaache ndugu wasuluhishane." Ndugu yangu, tangu madrasa tumefundishwa kwamba ushahidi wa haki hauangalii undugu. Tukipaza sauti mdhulumu akiwa mgeni, tukafyata akiwa wa kwetu, basi sauti yetu haina thamani hata kwa wale tunaowalilia. Hatuna ugomvi na watu wa Moroko. Ni watu wema, wenye elimu, wenye misikiti na vyuo vya kujivunia. Ugomvi wetu ni na hoja kwamba mwenye nguvu akikaa sana juu ya kitu cha mwenziwe kinakuwa chake.

Tunahitaji mbolea? Ndiyo. Mkulima wa Trans Nzoia anaihitaji, na Moroko ina akiba kubwa kabisa ya fosfeti duniani. Fanyeni biashara, hakuna aliyekataza. Lakini bei ya mfuko wa mbolea isilipwe kwa haki ya watu wengine.

Basi wewe ufanye nini? Soma Katiba yako, kifungu cha 2(5) na 2(6). Kanuni za jumla za sheria ya kimataifa ni sehemu ya sheria ya Kenya, na mikataba tuliyoidhinisha vile vile. Si hisani ya Rais, ni sheria. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 119 kinakupa haki ya kupeleka ombi Bungeni. Muulize mbunge wako maswali matatu mepesi. Kauli ya Rabat ilijadiliwa wapi kabla ya kutolewa? Inapatana vipi na hukumu ya Arusha? Na ile ahadi ya kura, iliyotolewa Nairobi mwaka 1981, Kenya inaikumbuka?

Hutapata majibu siku moja. Pengine utapuuzwa. Uliza tena. Wasaharawi wamengoja miaka hamsini wakiulizwa kila kitu isipokuwa lile swali moja walilolingoja. Sisi tusishindwe hata kuuliza kwa niaba yao.

Sheria ikiwa ni moja kwa Ukraine, kwa Kosovo na kwa Sahara, hiyo ni sheria. Ikiwa ni mbili, leo imemkata Msaharawi, na kesho sijui itamkata nani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.